Chakula cha Mtoto Mwenye Mzio Mkali Katika Walt Disney World: Tathmini ya Mzazi

Walt Disney World, iliyoko Florida nchini Marekani, ina bustani nne kubwa za burudani na migahawa mingi ndani yake, na kwa mzazi wa mtoto mwenye mzio mkali wa chakula sifa yake kubwa ni orodha maalumu za vyakula vya wenye mzio zinazopatikana katika sehemu nyingi za kulia. Nimezitumia orodha hizo nikiwa na mtoto ambaye chembe ya karanga inatosha kumletea anafilaksia, hali ambayo huvimbisha koo, hubana pumzi na huweza kushusha shinikizo la damu kwa dakika chache. Kwa hiyo ninaitathmini huduma hii kwa kigezo kimoja tu: je, taarifa ya mzazi inafika salama hadi mikononi mwa mpishi?

Inafaa kuelewa kwanza kwa nini jambo hili limeachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa bustani yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 iliwataka watengenezaji wa vyakula vilivyofungashwa kutaja maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, jamii ya lozi na korosho, ngano na soya. Ufuta ukaongezwa kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Sheria hiyo, hata hivyo, inahusu lebo za pakiti, wala haihusu sahani inayopikwa mgahawani. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, hata chakula kisichofungashwa sharti kiwe na maelezo kuhusu vyakula 14 vinavyosababisha mzio. Florida, mzazi hutegemea zaidi utaratibu wa jikoni, na Disney wenyewe hueleza wazi kwamba hawawezi kuhakikisha chakula kisichogusana kabisa na kile kinachomdhuru mgeni. Ninauheshimu uwazi huo, kwa sababu jiko linalotumiwa na watu wengi haliwezi kuahidi zaidi ya hapo bila kudanganya.

Huduma iliyo bora kabisa hapa ni ile ya migahawa ya kuketi mezani. Mzio hutajwa wakati wa kuweka nafasi, mhudumu huuliza tena mnapoketi, na mzazi anaweza kuomba kuzungumza na mpishi. Mazungumzo hayo yana thamani kuliko orodha yoyote iliyochapwa, kwani orodha hutaja viambato lakini haisemi kikaango kile kile kimekaanga nini asubuhi hiyo. Moto hauharibu protini ya karanga kiasi cha kuifanya iwe salama, na mafuta yanayotumika kwa vyakula mbalimbali huweza kuihamisha kutoka chakula kimoja hadi kingine. Basi nashauri muulize kuhusu mafuta, visu, mbao za kukatia na glavu, kisha msikilize jinsi jibu linavyotolewa. Mpishi anayesema kwamba hana hakika na ataangalia pakiti anastahili kuaminiwa. Katika bustani nyingine, ambayo sitaitaja, mhudumu alitujibu kwamba kila kitu kiko sawa kabla hata sijamaliza kutaja mzio wenyewe, nasi tukaondoka bila kuagiza.

Kuagiza kwa programu ya simu ni jambo ninalolitazama kwa tahadhari. Programu hiyo huonyesha vyakula vya wenye mzio na hupunguza foleni, lakini huondoa yale mazungumzo niliyoyasifu. Mkiitumia, ulizeni kwa mdomo mnapopokea trei kama chakula hicho ndicho kilichoandaliwa kwa ajili ya mzio. Kikiwa kimekosewa, kukiondoa kile kisichofaa hakutoshi. Sahani nzima ipikwe upya. Mikokoteni ya aiskrimu na vitafunwa naikwepa, isipokuwa kwa bidhaa zilizofungwa kiwandani na zenye lebo inayosomeka.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni ruhusa ya kuingia na chakula kutoka nje, mradi kisiwe katika chombo cha kioo wala kisihitaji kupashwa moto. Kasha la kuhifadhi ubaridi lisizidi takriban sentimita 61 kwa 38 kwa 46, na lipozwe kwa vipooza vinavyotumika tena, kwa sababu barafu iliyo huru hairuhusiwi. Bustani inayomkatalia mtoto huyu mlo wake wa nyumbani haistahili fedha ya familia yake, hata michezo yake ikiwa mizuri kiasi gani.

Kila bustani ina kituo cha huduma ya kwanza, na inafaa kujua kilipo kabla ya mlo wa kwanza. Hata hivyo, sindano mbili za epinefrini, dawa ya dharura ya anafilaksia, zikae kwa mtu mzima aliye na mtoto wakati wote, hata mnapogawana michezo. Zisiachwe garini, kwani zinapaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 20 na 25 za Selsiasi, na gari lililoegeshwa kwenye jua la Florida hupita kiwango hicho upesi. Dalili za anafilaksia zikianza, sindano huchomwa upande wa nje wa paja mara moja na msaada wa dharura huitwa. Zikiendelea, ya pili huweza kuchomwa baada ya dakika 5 hadi 15. Mtoto apelekwe hospitali hata akipata nafuu, kwa kuwa dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Kabla ya kula, mikono na meza vifutwe kwa maji na sabuni au vitambaa vyenye unyevu, maana jeli ya kuua vijidudu haiondoi protini ya karanga.

Kwa migahawa ya mezani ningerudi bila kusita, na ningeweka nafasi mapema kabla ya msongamano wa mchana, wakati mpishi bado ana muda wa kutoka jikoni na kuzungumza. Kwa madirisha ya chakula cha haraka katikati ya mchana ningetegemea mkoba wetu wenyewe.