Kishikio cha begi la gofu kwenye baiskeli: miezi saba ya Afrikana hadi Lugalo

Begi langu la gofu lina kilo 6 na gramu 100. Nililipima kwa jirani yangu anayeuza mchele, kwenye mizani yake ya kuning'iniza, likiwa na fimbo saba, mipira sita, glavu, taulo na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Naanza na uzito kwa sababu wanaonikuta naegesha baiskeli pale Lugalo, uwanja wa gofu ulio kambini Dar es Salaam, huniuliza nabebaje, wakati swali la kwanza lilipaswa kuwa nabeba kilo ngapi. Ukilijibu hilo, kazi ya kubeba imeshapungua nusu.

Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Mbezi, karibu na Afrikana. Gofu ilinifuata kazini. Mchezaji mmoja aliniletea begi lililokufa zipu, nikaliwekea mpya. Akaleta la rafiki yake, kisha mengine manne. Siku niliyoyapeleka mwenyewe uwanjani nikapewa fimbo nijaribu, na mpira wa tatu ukaruka sawasawa. Tangu siku ile Jumamosi zangu zina mwenyewe. Fimbo nilizonazo ni za mtumba, nimezilipia kidogokidogo kwa kazi ya zipu na mikanda. Gari sina.

Kutoka kwangu hadi Lugalo ni Barabara ya Bagamoyo moja kwa moja: Afrikana, Tangi Bovu, kisha kambini. Ndani ya kile kipande cha kilomita 12.9 kati ya Mwenge na Tegeta kilichopanuliwa na kuzinduliwa mwaka 2014. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi baiskeli inanichukua dakika ishirini na tano, kama vifusi vya ujenzi wa njia ya mwendokasi havijanisukuma barabarani kwa wenye magari.

Kabla ya kishikio nilijaribu kila njia. Bodaboda nilipanda miezi mitatu. Begi likiwa mgongoni, draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote, inasimama juu ya kichwa chako kama mlingoti, na dereva akikata kona kati ya daladala na lori, fimbo zinachelewa kukata naye. Unahisi zikikuvuta upande ulikotoka. Ukililaza mapajani, unakuwa na mzigo mpana kuliko usukani wa pikipiki. Draiva ya kawaida ina inchi 45 na kidogo, yaani sentimita 115 hivi. Siku niliyogusa kioo cha daladala kwa kichwa cha fimbo, nilishuka palepale nikamlipa kijana wa watu nauli yake kamili na nikamaliza safari kwa miguu. Hakuwa na kosa. Chombo chake hakikutengenezwa kwa mzigo ule.

Bajaji ni nzuri, sitaisema vibaya. Begi linalala miguuni, mvua haikupati, unafika umekauka. Ila ilikuwa elfu saba kwenda, na kurudi hivyohivyo.

Mgongoni ukiwa juu ya baiskeli ndiyo njia mbaya kuliko zote, na ndiyo ninayoiona wengi wakiijaribu. Mabegi mengi ya kusimama, yale yenye miguu, yana mikanda miwili, kwa hiyo mtu anadhani ni kama begi la shule. Sivyo. Ukiinama kushika usukani, begi nalo linainama, mdomo wake unakuja juu ya mabega. Ukigeuza shingo kutazama gari linalokuja nyuma, sikio linakutana na chuma. Mimi ikafika mahali nikawa sigeuki kabisa. Barabara ya Bagamoyo, na sigeuki! Nilipojikamata nafanya hivyo, nikasema basi.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, Mwenge. Ni mzee mtaratibu, kazi yake kubwa ni keria za wauza mikate na wabeba mitungi ya gesi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, amevaa miwani yake nyeusi juu ya kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Lete tuone."

Nilimwonyesha begi, akalishika kwa mkono mmoja, akalinyanyua na kulishusha mara mbili bila kusema neno. Halafu akaniambia mzigo mrefu haulazwi, unasimamishwa. Nilikuwa nimekwenda na mchoro wangu wa begi lililolala juu ya keria. Aliigeuza karatasi, akachora upya nyuma yake kwa chaki ya mafuta.

Kitu chenyewe alichotengeneza ni hiki. Chini kuna kisahani cha bati nene, kipana kama sahani ya chai, chenye ukingo wa vidole viwili kwenda juu. Hapo ndipo kitako cha begi kinapokaa. Juu yake, usawa wa keria, kuna pete ya flati baa iliyofunguliwa mbele kama herufi C, begi linaingia kwa ubavu na kufungwa kwa mkanda. Kisahani na pete vimeunganishwa kwa bomba moja lililoinama kidogo kwenda nyuma. Vyote vinashikwa na bolti mbili kwenye keria na moja kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Yeye alitaka kuchomelea moja kwa moja kwenye fremu, nikakataa, nikamwambia kuna siku nitabeba majora ya vitambaa. Hilo namshukuru Mungu nililisimamia, maana siku za kazi nakifungua kwa spana moja na kukiacha nyumbani.

Kishikio kiko upande wa kushoto. Hili nililifikiria mwenyewe na ningemshauri yeyote: sisi tunaendesha kushoto, magari yanapita kuliani kwako, kwa hiyo mzigo ukae upande wa majani. Na kiko nyuma ya ekseli, si sambamba nayo. Toleo la kwanza lilikuwa sambamba, na kila nilipokanyaga pedeli, kisigino kiligonga begi. Mzee alilisogeza nyuma upana wa kiganja na vidole vitatu, akanambia nizunguke pale uwanjani kwake. Kisigino kikapita huru. Hakuniongezea hata senti kwa marekebisho hayo.

Kwa pesa: kishikio elfu arobaini na tano. Stendi mpya ya miguu miwili elfu kumi na mbili, na hiyo usiiruke, kwa sababu baiskeli yangu ilikuwa na ile ya mguu mmoja upande wa kushoto, na mzigo wa begi upande huohuo uliilaza chini mara ya kwanza tu nilipoiachia. Jumla elfu hamsini na saba. Bodaboda nilikuwa nalipa elfu tatu kwenda na elfu tatu kurudi, kila Jumamosi. Jumamosi ya kumi kishikio kilikuwa kimeshajilipa.

Kasoro zipo, na mbili ni kubwa.

Ya kwanza ni pete. Mzee alipima begi likiwa tupu. Begi lililojaa linavimba, hasa mfuko wa mipira ukiwa upande wa pete, na lilikuwa haliingii mpaka ulisukume kwa goti. Nilimrudishia, akaifungua pete kwa nyundo, sasa linaingia, ila mdomo wa ile C hauko sawa tena. Mpelekee fundi begi likiwa na kila kitu ndani, maji na yote.

Ya pili ni bolti. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa zinalegea, na utazijua kwa mlio: mzigo ukikaza hausikii kitu, ukilegea unasikia kama mtu anagonga kikombe kwa kijiko nyuma yako. Niliweka washa za springi chini ya kila nati. Sasa nazikaza mara moja kwa mwezi.

Lililonitisha zaidi halikuwa la fundi. Begi langu la kwanza nililiagiza kwa duka moja la mtandaoni, na mikanda yake ya mabega ilikuwa mirefu, imeshonwa kwa mshono mmoja tu kwenye pembe. Mimi mshono naujua, niliuona, nikasema nitaushughulikia Jumapili. Jumamosi yenyewe, kabla sijafika Tangi Bovu, mkanda mmoja ukachomoka na ncha yake ikaingia kwenye spoki. Gurudumu halikusimama ghafla. Lilivuta kwanza, kama mtoto anayekuvuta gauni, halafu likakaza. Baiskeli ikapinda kuelekea kushoto, nikashusha mguu kwenye majani. Nilibaki nimesimama, mkono mmoja kwenye usukani, nikitazama mkanda ulivyojizungushia spoki nne, umekaza mpaka rangi yake nyeusi imekuwa ya kijivu. Ungekuwa upande wa kulia ningeangukia magarini. Nilikata kwa mkasi mdogo ninaotembea nao siku zote, nikasukuma baiskeli hadi Lugalo, nikacheza mashimo tisa vibaya sana.

Usiku ule nikaipasua mikanda yote miwili. Nikashona upya mkanda mmoja mfupi wa utepe wa mkoba mzito, mshono wa msalaba ndani ya mraba, kama unavyofanya kwenye mkanda wa begi la safari, na ncha zote nikazikunja ndani. Ninapofunga begi kwenye baiskeli, mkanda huo unaingia mfukoni na zipu inafungwa. Begi lolote utakalonunua, kagua kitu hicho kabla ya rangi na jina: shika mkanda kwenye pembe, uuvute kwa nguvu huku unautazama mshono. Ukiona nyuzi zinafunguka kama meno, rudisha begi dukani.

Sasa natumia begi jembamba la kubebea fimbo chache, lile lisilo na miguu wala mifuko kila upande. Kanuni za gofu zinaruhusu fimbo zisizozidi 14, na watu wengi wanasoma hapo kama vile wameamriwa kubeba 14. Huo ni ukomo, na uliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa sababu wachezaji wakubwa walikuwa wanabeba hata zaidi ya ishirini. Chick Evans, Mmarekani wa ridhaa, alishinda US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, ya mwaka 1916 akiwa na fimbo saba tu, za mti. Nikikumbuka hilo, siwezi kulalamika kwamba draiva, haibridi moja, ayani namba 5, 7 na 9, weji na pata (ile ya kusukumia mpira shimoni) havinitoshi. Begi langu la mwanzo lilikuwa na fimbo kumi na mbili na lilifika kilo kumi na moja. Kilo tano hizo ninazihisi magotini kila ninapopandisha.

Kuna jambo la fimbo zenyewe ambalo wenye magari hawalijui, kwa sababu barabara yao ina springi. Draiva yangu ina shafti, yaani mpini, ya kaboni. Begi likitikisika dakika ishirini na tano, shafti inasuguana na ukingo wa begi palepale, mahali pamoja, kila safari. Baada ya mwezi niliona mduara wa mng'ao kwenye rangi, upana wa uzi wa sufu. Kaboni ikiliwa namna hiyo siku moja inakatika, na inakatika wakati unapiga. Nilishona soksi ndefu ya kitambaa cha blanketi inayovaa shafti kutoka kichwani hadi karibu na mshiko, na mdomo wa begi nikauzungushia bitana ya sponji. Fimbo za chuma hazina shida hiyo; hizo zinapiga kelele tu, na taulo moja katikati yake linazinyamazisha. Ndani ya pete ya kishikio nimepachika kipande cha tyubu ya gari, kimefungwa kwa waya, ili chuma kisile turubai la begi.

Mvua bado haijapata dawa kamili. Nimeshona kofia ya turubai jepesi, inavishwa begi zima kutoka juu na kukazwa kwa kamba chini, na maji ya juu hayaingii. Yanaingia ya chini. Gurudumu linarusha tope moja kwa moja kwenye kitako cha begi, na kile kisahani cha mzee, kwa ukingo wake mzuri, kinageuka beseni. Nimekitoboa matundu matatu. Yanasaidia, lakini mchanga unaziba moja au mawili kila safari. Manyunyu nakwenda. Ikinyesha ya masika, narudi kwenye bajaji na elfu saba zangu.

Kuhusu kuendesha, utazoea ndani ya safari tatu. Mwanzoni baiskeli inavuta kushoto kidogo, hasa unapoanza kuondoka. Nilihamishia chupa ya maji kwenye kikapu cha mbele upande wa kulia na mvuto ukapungua sana. Rundo la vichwa vya fimbo liko nyuma yako chini ya bega, kwa hiyo unageuka kulia na kushoto bila kuguswa. Kushuka kunataka uangalifu kwa baiskeli ya kiume yenye bomba la juu, maana mguu unapozungushwa nyuma unakutana na draiva. Yangu ni ya kike, mguu unapita mbele.

Pale Lugalo, kedi mmoja kijana, mbeba mabegi ya wachezaji, ameshakwenda Mwenge kwa mzee yuleyule na kuagiza chake. Anaishi mbali kuliko mimi na anaanza kucheza mashindano ya ridhaa, fimbo amezipata kwa mtu anayembebea. Chake kimetoka kizuri kuliko changu: pete ina bawaba na inafungwa kwa komeo, na kisahani kimetobolewa kutoka mwanzo. Nimemwomba mzee anibadilishie pete yangu iwe kama ile. Amesema nimpelekee Jumatatu, elfu nane, na begi liwe limejaa.