Dawa za kuondoa grisi kwenye injini: ipi ununue, ipi uiache

Kama utanunua kitu kimoja tu, nunua digriza ya maji, mtungi wa lita 5, ambayo lebo yake inasema wazi kwamba ni ya injini na haidhuru alumini. Naanzia hapo kwa sababu wenye magari wengi hapa Kisumu hawafiki dukani. Boneti inafunguliwa pale kwa waoshaji, kijana anakuja na kompresa na dizeli au mafuta taa, anapuliza injini nzima, kisha anamalizia kwa maji ya mashine. Injini inang'aa na malipo ni madogo. Njia hiyo naiweka mwisho kabisa, na sababu zake zinafuata.

Kwanza hiyo digriza ya maji. Kazi yake hufanywa na sabuni inayolegeza mafuta yakakubali kubebwa na maji, pamoja na alkali kidogo. Aina nyingi hazishiki moto, na ukizisuuza vizuri haziachi utando. Usilinganishe bei ya chupa na chupa. Uliza inachanganywaje. Ikiwa ni sehemu moja kwa kumi za maji, lita 5 zinakupa lita 55 za kazi nyepesi, na kwa grisi iliyoganda utaifanya nzito kadiri lebo inavyoruhusu. Ile chupa ndogo ya kupuliza iliyochanganywa tayari ni maji unayoyalipia bei ya dawa. Tafuta pia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya kibali iliyo chini yake uihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Hilo la alumini si la kupuuza. Injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye Probox na Fielder nyingi za barabara zetu, ina bloku na kichwa vya alumini. Dawa kali zenye kostiki soda, yaani zile za kusafishia oveni na baadhi ya digriza za viwandani, hula ngozi inayoikinga alumini na kuacha madoa meupe yasiyotoka. Zinang'oa grisi haraka kuliko zote, nakubali, lakini sizipi nafasi kwenye gari la mtu binafsi.

Nafasi ya pili naipa sabuni ya vyombo ya kawaida, ile ya chupa. Gari lisilovuja, lenye vumbi la Kondele au tope jeusi la Ahero tu, halihitaji zaidi ya sabuni hiyo, maji vuguvugu na brashi ya nywele laini. Inataka nguvu ya mkono, basi. Ila suuza vizuri, kwa sababu sabuni hizi huwa na chumvi ya kuzifanya nzito, na chumvi ikibaki kwenye viunganishi vya nyaya huleta kutu. Pia sipendekezi sabuni ya kupimiwa kutoka kwenye mitungi, labda kama unamjua na kumwamini anayeitengeneza. Wapo wanaoitengeneza vizuri sana. Lakini ufacid (asidi ya kutengenezea sabuni) na soda zisipolingana, sabuni inabaki na asidi au alkali ambayo huwezi kuiona kwa macho.

Ya tatu ni digriza yenye mafuta ya maganda ya machungwa. Inayeyusha mafuta ya zamani vizuri na harufu yake haikabi koo. Ni nadra madukani na bei yake iko juu. Isiyochanganywa inaweza kushika moto, na ikiachwa muda mrefu hulainisha baadhi ya plastiki na mpira.

Ya nne, povu la mkebe lenye viyeyusho vya petroli. Hii nainunua kwa kazi maalumu. Subaru iliyovuja kwenye gasketi ya kava ya vali, mafuta yakaokwa hadi yakawa kama lami, sabuni haitayafikia. Puliza hapo tu, injini ikiwa baridi kabisa, ukisimama mahali penye upepo. Dawa ya kusafishia breki ibaki kwenye breki. Inaharibu rangi na plastiki, na zile zenye klorini zikikutana na chuma chenye moto mkali hutoa gesi ya fosijeni, ambayo ni sumu kali.

Sasa hiyo ya mwisho, ya kupuliza dizeli, mafuta taa au hata petroli. Mvuke wa petroli unaweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo mchana wa Kisumu uko tayari wakati wote. Mafuta taa na dizeli ni nzito zaidi, lakini zikipulizwa kwa kompresa zinakuwa ukungu, na ukungu huo huwaka kwa urahisi mno kuliko mafuta yaliyo kwenye ndoo. Bomba la moshi la gari lililotoka safari lina joto la mamia ya nyuzi. Hata gari lisiposhika moto, mafuta hayo huvimbisha mipira ya rejeta na kuacha utando unaonasa vumbi jipya. Maji ya kuoshea nayo yana pa kwenda. Ukioshea ufuoni, kama kule Lwang'ni, yanaingia ziwani, na mtambo wa Dunga unavuta maji ya mji kutoka ziwa hilohilo. Hata ukitumia dawa nzuri, futa kwanza grisi nene kwa vitambaa vikuukuu, uoshee mbali na ufuo na mitaro.

Kabla ya kumwaga chochote, acha injini ipoe hadi uweze kuigusa kwa mkono. Ondoa waya hasi wa betri. Funika alternata, kisanduku cha fyuzi, koili na mdomo wa kuvutia hewa. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku 2017, lakini mifuko ya mkate inatosha, ukiifunga kwa blada. Pakaa dawa kuanzia chini kwenda juu, usiiache ikauke, na jua letu hukausha upesi, kwa hiyo fanya kivulini. Suuza kwa mtiririko mdogo. Mashine ya presha hulazimisha maji kupita mipira ya koili hadi kwenye plagi.

Gari la haibridi lenye nyaya nene za rangi ya chungwa, usilimwagie maji kabisa. Kitambaa chenye unyevu, mbali na nyaya hizo, na kwingine mwachie fundi aliyesomea mfumo huo.

Ukishamaliza, toa vifuniko vyote, rudisha waya wa betri na uiache injini ingurume hadi ikauke. Ikitetemeka kama inayokosa silinda moja, izime, toa koili na upulize maji yaliyotuama kwenye mashimo ya plagi. Baada ya siku chache fungua boneti tena ukiwa na tochi. Injini sasa ni safi, kwa hiyo tone jipya la mafuta litaonekana lilikoanzia, na utaenda duka la spea ukijua gasketi unayoitaka.