Micro:bit darasani: uzoefu wangu na wanafunzi wa miaka 11 hadi 14

Kila mzazi au mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto teknolojia kwa vitendo huniuliza swali lilelile: ninunue nini kwanza? Roboti, seti ya umeme, tableti? Mimi huwajibu micro:bit. Nimeitumia kwenye klabu ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, wakiwemo ambao hawakuwahi kushika kipanya na wengine wanaoijua kompyuta kuliko wazazi wao, na bado sijaona kifaa kingine kinachomfikisha mtoto haraka hivi kwenye kazi yenyewe ya uhandisi. Kazi hiyo kwangu ni kupima, kugundua kwamba ulichodhani sicho, kutafuta sababu, kisha kurekebisha na kupima tena. Kuandika programu ni sehemu yake tu.

Kwa asiyeijua, micro:bit ni kompyuta ndogo isiyo na kasha, inayoenea kwenye kiganja cha mtoto. Mbele ina taa 25 za LED zilizopangwa tano kwa tano, na vitufe viwili, A na B. Ndani yake kuna kihisi cha mwendo, dira, kihisi joto na redio ya kuwasiliana na micro:bit nyingine. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2020, liliongezewa spika, kipaza sauti na nembo inayohisi ikiguswa. BBC na washirika wake waliigawa kwa mara ya kwanza mwaka 2016 kwa karibu wanafunzi milioni 1 wa Uingereza, wa miaka 11 na 12. Unaona wazi kwamba iliundwa kwa ajili ya umri huo. Kwenye ukingo wa chini kuna matundu matano makubwa, yenye alama 0, 1, 2, 3V na GND, ambayo mtoto anaweza kuyabana kwa waya wenye kibanio bila kulehemu chochote. Mhandisi mzima hahitaji matundu makubwa hivyo. Mtoto wa miaka 11 anayahitaji sana.

Programu huandikwa kwenye kompyuta kwa MakeCode, ambapo mtoto anaburuta vipande vya rangi na kuvipachika pamoja. Pembeni ya skrini kuna micro:bit ya kuigiza inayoonyesha matokeo papo hapo, kwa hiyo hata wanaosubiri zamu ya kifaa halisi wanaendelea na kazi. Akiwa tayari, anaunganisha kebo, kompyuta inakiona kifaa kama inavyoona flash, ananakili faili, basi. Pasipo intaneti ya kuaminika kuna toleo la MakeCode la kusakinisha kwenye Windows na Mac. Mtoto akikua anaweza kugeuza vipande vilevile viwe maandishi ya Python au JavaScript, ambazo ni lugha za kuandikia programu, akaona amri zake zinavyoandikwa.

Lakini mtu akiniuliza kwa nini naipenda, simwambii habari za vipande vya rangi. Namwambia habari ya kihesabu hatua.

Kundi moja liliamua kutengeneza kifaa cha kuhesabu hatua za mtu anapotembea. Programu yao ya kwanza ilikuwa fupi: kifaa kikitikiswa, ongeza moja. Wakakiingiza ndani ya soksi kwenye kifundo cha mguu, mvulana mmoja akatembea na mwenzake akahesabu kwa mdomo. Hatua 50. Taa zikaonyesha 31. Mara moja nikasikia, "Mwalimu, hii mbovu." Wakaibadilisha na nyingine, jibu likawa karibu lilelile. Akatembea kwa kukanyaga kwa nguvu, namba ikapanda. Akanyata, ikashuka kabisa. Hapo ndipo msichana aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Kwani yenyewe inajuaje kwamba imetikiswa?"

Swali hilo lilifungua kila kitu. Tukafungua ukurasa wa MakeCode unaochora vipimo wakati kifaa kimeunganishwa, tukaangalia nguvu ya mwendo kama kihisi kinavyoiona. Kifaa kilikuwa kimelala mezani, hakuna anayekigusa, na namba ilikuwa karibu 1000. Wakashangaa, kwa sababu walitarajia sifuri. Kihisi hiki kinapima kwa sehemu za elfu za g, yaani nguvu ya mvutano wa dunia, na hata kitu kilichotulia mezani kinaonyesha g moja, kwa sababu meza inakisukuma juu kukizuia kisianguke. Kitabu chao cha sayansi kina mvutano wa dunia, wameukariri na kuujibia mitihani, ila hawakuwahi kuuona ukiandikwa kama namba mbele yao. Tukaweka mto sakafuni, tukaachia kifaa kikiwa na betri zake na programu ya kurekodi. Kikiwa hewani, mstari ulishuka karibu na sifuri. Walirudia jaribio hilo hadi nikalazimika kuwanyang'anya mto.

Baada ya hapo hawakuhitaji mwalimu sana. Toleo la pili linaweza kuhifadhi vipimo ndani yake, ukikichomeka kwenye kompyuta unafungua faili na kuona jedwali na grafu. Wakatembea nacho, wakachora, wakaona kila hatua ni kilima, na vilima vingine vina kilima kidogo nyuma yake. Wakachagua kiwango cha kuanzia kuhesabu. Wakaweka mapumziko mafupi baada ya kila hesabu, kwa hoja ya yule msichana: hakuna mtu anayeweza kukanyaga mara mbili kwa mguu uleule ndani ya robo sekunde. Bado hesabu ilikuwa pungufu, sasa ikikaribia nusu kamili. Wakabishana weee, mpaka mmoja akautazama mguu wa pili wa mwenzake na kupiga kelele kwamba ule hauna kitu. Kifaa kikahamia kiunoni.

Hakuna aliyewaambia jibu lolote kati ya hayo isipokuwa lile la meza. Ndiyo maana nasema kifaa hiki kinafundisha uhandisi. Kina kasi ya kutosha mtoto kujaribu wazo lake na kulikataa ndani ya kipindi kimoja, kabla hamu haijaisha.

Kuna jambo la pili ninalolithamini, na wengi hulitaja kama udhaifu. Vihisi vya micro:bit havijakamilika, na sababu za kutokamilika kwake mtoto anaweza kuzielewa. Chukua kihisi joto. Kwa kweli kinapima joto la kichakato, yaani kile kidude cheusi kinachofanya kazi zote, siyo joto la hewa ya chumbani. Ukikiweka karibu na kipimajoto cha kawaida, mara nyingi kitasoma juu kidogo. Mwalimu anaweza kulificha hilo, au akawapa wanafunzi vyote viwili na kuwaachia waeleze tofauti. Mimi nawaachia. Wengine huzima taa zote 25 waone kama namba itashuka, wengine huandika hesabu ya kupunguza tofauti. Dira nayo lazima isawazishwe kwanza kwa kuinamisha kifaa huku na huku hadi taa zote ziwake, na ukiisogeza karibu na sumaku ya spika inapotoka. Anayejua kwamba kipimo kina chanzo cha makosa tayari amewazidi watu wazima wengi wanaoamini kila namba inayotokea kwenye skrini.

Mota ni hadithi yake. Karibu kila mtoto anataka kitu kinachozunguka, na karibu kila mtoto huunganisha mota ndogo moja kwa moja kwenye tundu 0. Haizunguki. Tundu hilo hutoa miliampia (kipimo cha mkondo wa umeme) chache tu, za kutosha kutoa ishara, wakati hata mota ndogo inataka makumi au mamia ya miliampia. Ukitaka kuendesha mota unahitaji betri ya pembeni na transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, au ubao wa kuendeshea mota. Fundisheni hili mapema, kwa sababu kulazimisha kunaweza kuharibu kifaa, lakini msiliruke. Tofauti ya ishara na nguvu ni ya msingi katika umeme, na hapa mtoto anaielewa kwa sababu anaihitaji.

Redio wanaipenda kuliko chochote. Ukiweka namba ya kundi, kuanzia 0 hadi 255, micro:bit zenye namba moja zinasikilizana. Darasa zima likisahau kubadilisha namba, ujumbe wa mmoja unawaka kwa wote, na hapo unapata mlango mzuri wa kuongelea faragha.

Yasiyonifurahisha pia yapo. Ukifika kwenye Python kamili, nje ya MakeCode, programu ikikosewa ujumbe wa kosa unapita kwenye zile taa 25 herufi moja moja, kwa Kiingereza. Mtoto anayesoma polepole anaukosa, anasubiri, anaukosa tena. Uusome kwenye kompyuta badala yake. Taa 25 hazitoshi kuonyesha chochote kirefu kuliko namba au picha rahisi. Na kwa kuwa hakina kasha, vibanio viwili vikigusana vinaweza kuleta shoti. Kazi ya kwanza kabisa ninayowapa ni kubuni kasha la kadibodi, na kadibodi ile hufundisha vipimo na mikunjo kuliko nilivyotegemea.

Mkwaruzano mkubwa nilioupata ulikuwa na seti ya nyongeza, siyo micro:bit yenyewe. Muuzaji mmoja alituletea boksi la vihisi vya kila aina, maelekezo yake hayalingani na vilivyomo, na nusu ya waya zilikatika ndani ya plastiki ambapo huwezi kuona. Watoto walipoteza vipindi wakitafuta kosa kwenye programu isiyo na kosa. Tangu hapo nimeacha maboksi makubwa. Misumari miwili kwenye udongo wa chungu cha maua, waya na tundu la kupimia vinatosha kujua kama mmea una kiu, na mtoto anaona kila kipande kinafanya nini.

Wengine wataniambia roboti za kuunganisha zinavutia zaidi. Kweli zinavutia, na mtoto mdogo anafurahi. Ila mwaka 2022 LEGO ilitangaza kusitisha Mindstorms, zilizotumika mashuleni tangu mwisho wa miaka ya 1990, na shule zilizojenga masomo yote juu yake zikabaki na maswali ya vipuri na programu. Kwa upande wa Arduino, ubao mwingine wa kielektroniki unaoprogramiwa, iliyoanzia Italia mwaka 2005, ninaiheshimu sana na wanafunzi wangu wakubwa huhamia huko. Kwa mtoto wa miaka 11 bado naona waya zake ni nyingi mno kabla hajaona taa ya kwanza ikiwaka.

Kama unanunua kwa ajili ya darasa, usinunue moja kwa kila mtoto. Kifaa kimoja kwa watoto wawili ni bora, kwa sababu lazima waelezane wanachofikiri, ilimradi ubadilishe anayeshika kipanya, la sivyo mmoja atakuwa mtazamaji mwaka mzima. Chukua toleo la pili kwa sababu ya kurekodi vipimo. La kwanza ukilipata bado linafaa na linaongea na la pili kwa redio. Weka betri za akiba. Na ukague kebo kabla ya kipindi: nyingi zilizozagaa nyumbani ni za kuchajia tu, hazipitishi data, na ukizitumia kifaa kitawaka vizuri huku kompyuta haikioni.