Vifaa vya Montessori nyumbani: uanze kununua kipi ukiwa Kampala

Shule zilipofungwa Machi 2020 mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu na nusu. Zilipofunguliwa tena tarehe 10 Januari 2022, alikuwa anasoma, na mdogo wake anagombania nafasi kwenye mkeka. Tukaamua waendelee kusomea nyumbani. Tangu hapo kina mama wenzangu huniuliza swali moja: ninunue nini kwanza, maana seti yote ya Montessori, yaani vifaa vya kumfundisha mtoto kwa kushika na kujisahihisha mwenyewe, siiwezi? Jibu langu ni hili. Pesa ziende kwenye kifaa ambacho kipimo chake ndicho kinachofundisha. Vilivyobaki vingi viko sokoni, au utavitengeneza mwenyewe jioni watoto wakilala.

Nafasi ya kwanza: vyombo vya nyumbani

Najua wengi hawakutegemea hivi viongoze, lakini ndivyo ningenunua hata kama nina elfu ishirini tu mfukoni. Nenda soko la Owino utafute jagi mbili ndogo zinazoenea kwenye kiganja cha mtoto, sinia, sponji, beseni dogo, ufagio wa mpini mfupi na kisu butu cha kukatia bogoya (ndizi mbivu). Mtoto aanze kumimina maharage makavu kutoka jagi hadi jagi. Akizoea, mpe maji. Chagua vyombo vya kioo au vya bati la enameli kuliko plastiki: bilauri ikigongwa inalia, ikidondoka inavunjika, na mkono unajifunza kuwa mwangalifu. Sinia nalo lina kazi. Maharage yakimwagika yanabaki hapo hapo, mtoto anayaona na kuyaokota bila mtu kumkaripia.

Ya pili: herufi za msasa, utengeneze mwenyewe

Hapa usinunue za nje. Huja zimepangwa kwa Kiingereza, zina q na x ambazo Kiswahili hakizihitaji, wala hazina ubao wa ch, sh, ny au ng'. Kwenye maduka ya uchapaji Nasser Road watakukatia kadi ngumu zinazolingana. Nunua msasa laini, chora herufi ndogo, kata, bandika kwa gundi ya mbao. Irabu tano ziwe kwenye kadi za buluu, konsonanti kwenye waridi. Mtoto hupitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, akifuata njia ile ile kalamu itakayofuata baadaye, huku akitamka sauti. Sema "mmm", usiseme "em".

Herufi za kupangia maneno nazo zikate kwenye kadi hizo hizo, ila ongeza a. Jaribu kuandika "mama analala" uhesabu: a sita kwa maneno mawili. Seti iliyopangwa kwa ajili ya lugha nyingine itakuishia katikati ya sentensi, na mtoto aliyekuwa na hamu ataondoka.

Ya tatu: mnara wa waridi, kwa fundi

Huu ni michemraba kumi, wa kwanza sentimita 1 kila upande, wa mwisho sentimita 10. Maseremala wa Bwaise na Nsambya wanauweza, ila usimamie mwenyewe. Mimi nililipa bila kupima. Mtoto akawa anajenga, anasimama, anabomoa, anaweka wa nane mahali pa wa tisa, anarudisha. Nikadhani hajaelewa. Nilipochukua rula nikakuta wa tisa una sentimita 8 na milimita 3. Niliporudi, fundi akanishangaa: "Mama, milimita saba ni nini kwa mtoto?" Ni kila kitu. Mtoto hujisahihisha kwa jicho lake. Kipimo kikidanganya, unamfundisha kutoliamini jicho hilo.

Kwa hiyo nenda na rula, upime pande zote za kila mchemraba kabla ya kumaliza malipo. Dai mbao iliyokauka sawasawa, maana mbichi husinyaa na kupasuka ukishafika nyumbani. Mchemraba wa sentimita 10 mara nyingi utaunganishwa kwa gundi. Hilo si tatizo kama kiungo hakikwaruzi. Kama huna uhakika kwamba rangi haina madini ya risasi, acha mbao yake ya asili upake nta ya nyuki. Ule mdogo kabisa uufiche kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwani unamezeka kirahisi.

Ya nne: vya kuhesabia

Sanduku la vijiti lina nafasi kumi, sifuri hadi tisa, na vijiti 45. Vijiti vya muchomo (nyama choma) vilivyokatwa ncha vinatosha. Kwa shanga za makumi na mamia, tunga mwenyewe kwa waya. Mbegu za mweso, mchezo wetu unaofanana na bao, 64 kwa ubao mmoja, tumezihesabu mpaka zikang'aa.

Ya tano: mbao za silinda

Ni mbao nne, kila moja ina silinda kumi na matundu yake. Hiki ndicho kifaa pekee ambacho ningeagiza kutoka nje, kwa sababu silinda isipokaa barabara kwenye tundu lake, zoezi zima limekufa. Ukimudu ubao mmoja tu, anza na huo.

Mwisho kabisa: seti kubwa na midoli ya "Montessori"

Jina Montessori halimilikiwi na kampuni moja, kwa hiyo yeyote anaweza kulibandika kwenye plastiki inayowaka taa na kuimba. Maria Montessori alipoanza na watoto wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, kilichomvutia ni mtoto kurudia kazi moja kwa utulivu. Kitu kinachoimba chenyewe hakimwachii mtoto kazi.

Ila ukisikia chekechea inauza vifaa vyake, wahi. Vitandaze chini uvihesabu mbele ya muuzaji: mnara 10, silinda 40, vijiti 45. Kijiti utachonga kingine. Silinda moja ikikosekana, ubao wake uache hapo.