Kabla ya Kununua Kitabu cha Likizo, Kichunguze Mgongo

Siku ya tatu ya likizo mwanangu alinijia na karatasi mkononi. "Mama, imetoka yenyewe." Nilimwamini, maana jioni ya jana yake karatasi nyingine mbili zilikuwa zimenitoka mimi mwenyewe na nikazirudisha kimya kimya, nikidhani nimezivuta vibaya. Kitabu chenyewe kilikuwa mkusanyo wa katuni wa kurasa zaidi ya 600, jalada gumu linalometa, na tuliusubiri kwa miezi. Wiki haijaisha, theluthi ya hadithi ilikuwa imelala sakafuni na mtoto anaipanga kwa namba za kurasa.

Niliporudi kwa muuzaji nilijibiwa kwamba kitabu kilichokwisha kusomwa hakirudishwi. Lakini kitabu kinanunuliwa kifanywe nini, kama si kusomwa?

Tangu hapo nimekuwa nikichunguza migongo ya vitabu kama fundi cherehani anavyochunguza pindo. Kwa hiyo mwongozo huu hautakwambia usome nini. Mapenzi au upelelezi, watoto au watu wazima, hilo unalijua mwenyewe, na ladha haipangiwi. Mimi nauliza swali moja tu: kurasa zimeshikwa na nini? Mwandishi anaweza kuwa bingwa na mchoraji akawa na mkono wa ajabu, lakini kurasa zikiwa zimeshikwa na gundi mbovu, kazi yao yote itaishia chini ya kitanda.

Vitabu vingi vya siku hizi havikushonwa. Vinachapwa kwenye karatasi kubwa, karatasi zinakunjwa kuwa vitita, vitita vinapangwa, kisha mashine inakata ile mikunjo yote ya upande wa mgongo, inaukwaruza uwe na makovu, na kuupaka gundi ya moto. Mkunjo ukishakatwa, kila karatasi inabaki yatima. Haina ndugu wa kushikana naye upande wa pili, imesimama kwa unene wake tu ndani ya gundi.

Gundi inayotumika sana kwa kazi hiyo, ile ya EVA, hulainika kwenye joto na kuwa kavu na rahisi kupasuka kwenye baridi. Sasa fikiria kitabu cha likizo kinakopita: ndani ya gari lililofungwa juani, chini ya begi zito, kwenye mapaja ya mtu aliyejilaza akakikunjua mpaka jalada la mbele likagusana na la nyuma. Kitabu cha mezani kinaweza kuishi miaka na gundi hiyo bila shida. Cha safari hakiwezi. Ipo gundi bora zaidi, ya PUR, ambayo ikishakauka haiyeyuki tena, na kwa kuwa hupakwa nyembamba, kitabu hufunguka vizuri. Ubaya ni kwamba kwa macho huwezi kuzitofautisha, na sijawahi kukutana na muuzaji anayejua ni ipi iliyotumika kwenye kitabu anachokiuza.

Kitabu kilichoshonwa ni kitu kingine kabisa. Vitita vinaachwa na mikunjo yake, mara nyingi kurasa 16 kwa kitita, uzi unapita katikati ya kila mkunjo na kukifunga kitita hiki kwa jirani yake. Ukisikia mtu anasema mshono wa Smyth, ni huo, na jina hilo ni la David McConnell Smyth, aliyebuni mashine ya kushona vitabu huko Marekani katika karne ya 19. Gundi bado ipo mgongoni, lakini hata ikichoka, uzi unabaki kazini.

Kwa katuni jambo hili lina uzito mara mbili, na hapa ndipo hasira yangu ilipoanzia. Riwaya iliyobandikwa isipofunguka vizuri utaminya macho kidogo, lakini maneno utayapata, kwa sababu mpangaji wa kurasa huacha nafasi tupu upande wa ndani. Mchoraji wa katuni mara nyingi haachi nafasi hiyo. Anachora mpaka ukingoni, na pale hadithi inapofika kileleni anatandaza picha moja juu ya kurasa mbili. Kwenye kitabu kinene cha gundi, katikati ya picha hiyo kuna bonde, na bonde linameza. Katika ule mkusanyo wetu, shujaa na adui wake walikutana uso kwa uso kwa mara ya kwanza baada ya kurasa 300, na nyuso zote mbili zilikuwa ndani ya bonde. Tuliona mabega. Kiputo cha maneno kilichokuwa kati yao kilibaki na nusu sentensi kila upande. Ukikandamiza kitabu ili uone, gundi inapasuka. Ukiacha kukandamiza, huoni. Aliyechora ukurasa ule alitumia siku nyingi za maisha yake, na mtu wa kiwandani akaubandika kana kwamba ni kitabu cha namba za simu.

Namna ya kupima ni hii. Kifunge kitabu, ukitazame kwa juu, pale karatasi zinapokutana na mgongo. Ukiona ukingo umenyooka kama ubao uliorandwa, ni gundi. Ukiona vijipinde vidogo vidogo vimepangana kama kurasa za daftari nyingi zilizobanwa pamoja, kuna matumaini. Usisherehekee bado. Kuna ujanja wa kuacha mikunjo, kuitoboa matundu na kuijaza gundi bila uzi wowote, na kwa juu kinaonekana sawasawa na kilichoshonwa. Kwa hiyo fungua katikati ya kitita kimoja, ndani kabisa ya mkunjo, utafute uzi. Huwa ni mweupe, na huonekana kama vipande virefu vinavyoingia na kutokea. Usipouona kwenye kitita cha kwanza, jaribu cha pili. Uzi hauonekani kila ukurasa, unaonekana katikati ya kitita tu.

Na usidanganywe na ule utepe wa kitambaa chenye mistari ya rangi unaochungulia juu ya mgongo wa vitabu vya jalada gumu. Zamani ulishonwa pamoja na kitabu. Siku hizi mara nyingi ni pambo lililobandikwa mwishoni. Muuzaji mmoja alinionyesha utepe huo kwa kidole na kuapa kwamba kitabu kimeshonwa. Nilikifungua mbele yake, uzi haukuwepo. Jalada gumu lenyewe pia si ushahidi wa chochote. Jalada ni nguo, nasi tunazungumzia mifupa.

Sasa niwape mpangilio wangu, kuanzia ninachokiamini zaidi.

Kwa riwaya, wa kwanza ni Everyman's Library, na sifichi kwamba nina upendeleo. Mfululizo huu ulianzishwa London mwaka 1906 na Joseph Malaby Dent, mtu aliyeingia kwenye uchapishaji akitokea kwenye ufundi wa kujalidi vitabu, na kwangu mimi hilo linaeleza mengi. Ulifufuliwa mwaka 1991, na matoleo ya tangu hapo yana jalada la kitambaa, karatasi isiyo na asidi, utepe wa kuwekea alama na, la muhimu kuliko yote, mshono wa uzi. Kiweke mezani, kinalala wazi bila kushikiliwa. Unaweza kusoma huku mkono mmoja umembeba mtoto. Nina kimoja kilichosafiri nami likizo nne, kimelowa mara moja, kimekaushwa, na hakuna karatasi iliyolegea. Vingi ni riwaya kubwa za zamani na za karne ya 20, kwa Kiingereza au zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anayetaka toleo lililotoka mwezi huu hatalipata. Mimi likizo ndiyo wakati pekee ninaopata nafasi ya kusoma riwaya ndefu, kwa hiyo inanifaa mno.

Karibu nao wako Library of America, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 1979 na kuanza kutoa vitabu mwaka 1982. Nao wanashona, na karatasi yao ni nyembamba kiasi kwamba riwaya tatu au nne zinaingia kwenye kitabu kimoja kinachoshikika mkononi. Kwa mtu anayebanwa na uzito wa mizigo, hiyo ni riwaya ya wiki nzima ndani ya kitabu kimoja. Nawaweka wa pili kwa sababu karatasi nyembamba na upepo havipatani.

Kwa katuni, nafasi ya kwanza naipa albamu ya jalada gumu ya mtindo wa Ubelgiji na Ufaransa. Umbo lake la kawaida ni kurasa 48, na hesabu hiyo haikuja kwa bahati: ni vitita vitatu vya kurasa 16. Kwa desturi hushonwa, na kwa kuwa ni nyembamba na pana, hakuna bonde la kumeza uso wa mtu. Picha ya kurasa mbili unaiona yote. Mtoto anaikunjua sakafuni, analala kifudifudi juu yake, na haimpigi kofi kwa kujifunga. Malalamiko ninayoyajua ni kwamba inaisha haraka. Nunua tatu basi. Albamu tatu nyembamba zitasomwa na watu watatu kwa wakati mmoja, wakati mkusanyo mmoja mnene huzua ugomvi kabla hata hamjafika.

Kinachofuata kitashangaza wengi: jarida jepesi la katuni lililofungwa kwa pini mbili katikati, lile la Kimarekani ambalo kwa kawaida lina kurasa 32. Watu wanalidharau kwa wembamba wake. Lakini pini inapita kwenye mkunjo, kama uzi unavyopita, na jarida linafunguka likalala bapa kabisa. Ukurasa wa katikati ndio mahali pazuri kuliko pote pa kuchora picha kubwa, na wachoraji wanaijua siri hiyo. Hatari yake ni kukunjika, kwa hiyo liweke kati ya kadibodi mbili ndani ya begi.

Manga, yaani katuni za Kijapani, inakuja baada ya hapo. Vitabu hivi hubandikwa kwa gundi, ningepaswa kuvilaani, lakini ni vidogo, kwa kawaida havizidi sana kurasa 200, na karatasi yake ni laini na nyepesi, hivyo mgongo hausumbuliwi sana. Angalizo kwa anayemnunulia mtoto kwa mara ya kwanza: husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Usimruhusu muuzaji akwambie kimejalidiwa kinyume.

Riwaya ya kawaida ya jalada jepesi ni bahati nasibu. Chini ya kurasa 300 huwa inavumilia. Ikizidi 500, mgongo utapata makunyanzi ukifika katikati, na makunyanzi ndipo ufa unapoanzia. Jaribu kuikunja kidogo dukani: karatasi zikigoma na kusimama wima kama mbao, huenda zimekatwa vibaya, nyuzinyuzi zinazounda karatasi yenyewe zikiwa zimelala kukatiza mgongo badala ya kwenda sambamba nao. Hiyo iache, itapigana nawe mpaka ukurasa wa mwisho.

Mikusanyo minene ya katuni iliyobandikwa, usinunue kwa ajili ya safari. Hata ukiipata kwa bei ya kutupa.

Kindle na vifaa vingine vya kusomea vitabu vya kidijitali havina mgongo, basi sina la kuvilaumu. Kwa riwaya vinafaa. Kwa katuni za rangi, kioo cha nyeusi na nyeupe kinaua kazi. Vitabu vilivyotumika ni nafuu, vipime kwa njia ileile.

Ninachoshindwa kukisamehe ni nailoni. Katuni za bei kubwa ndizo zinazofungwa kwa nailoni iliyobana pande zote, huwezi kuzifungua mpaka ulipe. Kitabu cha bei ndogo unakipekua utakavyo, kile kinachokula akiba yako unauziwa kama fumbo. Ukichana nailoni ili utafute uzi, umeshanunua. Ukiomba wakuchanie nakala moja ya maonyesho, unatazamwa kama mwizi. Kwenye maduka ya intaneti ni vilevile: utapewa urefu, upana, uzito, tarakimu zote 13 za ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, picha ya jalada kutoka pembe tano, na hakuna hata neno moja la kusema kimeshonwa au kimebandikwa. Kisha linakuja "toleo maalumu la maadhimisho" likiwa na sanduku na herufi za dhahabu, bei imepanda maradufu, na ndani ni kurasa zilezile kwa gundi ileile. Tunalipia sanduku. Siku hizi namwandikia muuzaji kabla ya kulipa na kumwomba picha moja tu, ya kitabu kilichofunguliwa katikati. Anayekataa hapati pesa yangu. Wachache wanaoituma nimewahifadhi kama watu wanavyowahifadhi mafundi wazuri.

Ukishanunua, usikifungue kwa pupa. Hata kilichobandikwa kitaishi zaidi ukikianza vizuri. Kisimamishe mezani kwa mgongo. Laza jalada la mbele, kisha la nyuma, huku kurasa zote ukizishika wima. Chukua karatasi chache za mwanzo, uzilaze na kupitisha kidole taratibu kando ya mgongo. Kisha chache za mwisho. Rudi mbele, rudi nyuma, mpaka mikono yako ikutane katikati. Ni kazi ya dakika tano kwa kila kitabu, na nafasi yake ni usiku wa kuamkia safari, begi likiwa bado wazi.