Kukinga maboti na mawimbi: kurundika majiwe ao ukuta wa beto?
Siye ba Goma majiwe ya volkano iko kila fasi, kwa hiyo mimi nachagua kurundika, juu ukuta wa beto ni kweli haukule fasi mingi na boti inaweza kufungwa pembeni, lakini wimbi likiupiga linarudi na nguvu, linachimba chini, na siku ukipasuka kutengeneza ni bei sana. Majiwe yanavunja wimbi, yakisogea unaongeza ingine. Muone Plymouth, Uingereza: walianza kutupa majiwe 1812, zoruba za 1817 na 1824 zikayasogeza, wakalaza mteremko zaidi, na mpaka leo iko.

Ila muchague majiwe makubwa na mazito, ile nyepesi ya matundu hapana! Penye chini ya ziwa Kivu inashuka sana (maji marefu), rundo litakula majiwe mingi mno, pale beto inashinda.