"Gundi ni gundi, dada": uzoefu wangu na boksi la mapambo ya Krismasi la watoto

"Gundi ni gundi, dada. Watoto wa siku hizi ndio hawana subira." Hilo ndilo jibu nililopewa na muuzaji nilipomlalamikia kwamba gundi ya boksi lake haishiki, na mwisho wake akaweka kidole gumba cha njano. Kila nikiirudia meseji hiyo nafuta nyota moja. Mpaka naanza kuandika hapa imebaki moja, na hiyo ni ya mkasi.

Jina la duka silitaji. Ni boksi la kutengenezea mapambo ya Krismasi, limeandikwa miaka 3 na kuendelea, linaletwa na bodaboda kwa elfu thelathini na ushee, wiki zile shule zimeshafungwa na watoto wanazunguka sebuleni kama nzi. Picha ya juu ina mti, nyota, mnyororo wa karatasi na mtu wa theluji. Huyo mtu wa theluji, kwa mtoto wa Tandika, ni maandazi matatu yaliyopandana na kuvishwa kofia, ila kwa hilo sigombi. Nagomba kwa ajili ya gundi.

Inakuja kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba, nyeupe, nyepesi kama maziwa yaliyochakachuliwa. Kuipima ni rahisi: tone moja juu ya kifuniko cha plastiki, halafu inamisha kifuniko. Gundi nzuri ya maji hushuka kwa uvivu na kuacha mkia mnene nyuma yake. Hii ilikimbia kama imeitwa. Karatasi ya maelekezo inakuambia ubane kwa dakika 5 kisha uendelee na hatua inayofuata. Dakika 5! Baada ya saa nzima kofia ya mtu wa theluji ilikuwa imeteremka hadi kidevuni, jicho moja liko tumboni, jingine limeganda kwenye kiwiko cha mtoto.

Sasa nimjibu muuzaji, kwa sababu gundi si gundi. Gundi nyeupe ya maji, ukoo mmoja na ile ya mafundi seremala, ni chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Ukiipaka kwenye karatasi, maji yananyonywa na karatasi na mengine yanapotelea hewani, chembe zinasogeleana mpaka zinakuwa utando mmoja ulioingia katikati ya nyuzi za karatasi. Ndiyo maana huanza nyeupe na kuishia angavu. Weupe ukiwa bado unaonekana, haijakauka, hata saa iseme nini. Ili ishike inataka chembe za kutosha, na inataka mahali pa kupeleka maji. Boksi hili halina hili wala lile. Chembe zimezimuliwa kwa maji, na vipande karibu vyote ni vya sponji ile nyembamba ya rangi inayouzwa steshenari, pamoja na macho ya plastiki yanayochezacheza. Sponji hiyo hainywi maji, na plastiki haiyanywi pia. Maji yanabaki katikati, hayana pa kwenda, na Desemba ya Dar hewa yenyewe imeshalowa.

Kwa hiyo hata ungeweka gundi bora kuliko zote za maji, kwenye sponji ingekauka vizuri kisha ikabanduka nzima kama utando wa juu ya uji uliopoa. Kosa ni la aliyepanga vitu ndani ya boksi, si la anayeliuza. Hapo nilikaribia kumsamehe muuzaji. Kisha nikakumbuka kile kidole gumba.

Ukishalinunua, au ukiletewa na shangazi mwenye nia njema, kichupa kitupe na ufanye hivi. Sponji kwa sponji, na macho kwa sponji, tumia selotepu ya pande mbili. Mtu mzima aikate mapema vipande vya sentimita 1, avibandike ukingoni mwa meza, mtoto awe anachukua kimoja kimoja. Ganda la juu la selotepu vidole vya miaka 3 haviliwezi, limenyue kona kabla hujamwachia. Gundi ya moto inashika hata zaidi, lakini hiyo inaunguza ngozi na kuganda hapohapo juu yake, ni ya mkono wa mkubwa tu.

Karatasi kwa karatasi, huna haja ya duka. Pika uji wa gundi, ule ule wa kubandikia vishada: unga wa ngano vijiko 3 vya chakula, maji kikombe kimoja. Robo ya maji iwe ya baridi, koroga nayo unga mpaka madonge yaishe yote. Donge likibaki sasa litabaki mpaka Krismasi ijayo. Maji mengine yachemshe, mimina unga uliokorogwa huku mwiko unazunguka, moto mdogo, dakika 3 mpaka 5, hadi uwe mzito na weupe wake upungue. Unga wa muhogo unashika zaidi, huo weka vijiko 2. Tia chumvi nusu kijiko cha chai ili usichache upesi. Nje ya friji hesabu siku 2, ukianza kunuka mwaga. Uji mwepesi sana unailowesha manila na kuikunja kama kaukau, na mzito sana unabaki vibonge vinavyoonekana kwa nje. Unaotakiwa ni ule unaodondoka kwenye mwiko kwa mafungu. Mapambo ya gundi hii yasilale sakafuni wala kabatini, mende wataona wameandaliwa sikukuu.

Mnyororo wa karatasi ndio kazi inayowafaa watoto wadogo kuliko zote, na boksi limeuharibu. Limeweka vipande 20 tu, tena vya krepu, karatasi ile laini yenye mikunjomikunjo. Krepu ikikutana na gundi ya majimaji inatoa rangi. Vidole vyekundu, meza nyekundu, ukuta mwekundu. Nunua manila. Karatasi ya A4 ikatwe kwa upande wake mfupi, vipande vya upana wa sentimita 3: unapata 9, kila kimoja urefu wa sentimita 21. Vikipishana sentimita moja na nusu, pete inakuwa na upana wa karibu sentimita 6. Mita moja ya mnyororo inataka pete 16 au 17, yaani karatasi mbili kasoro. Kwa ukuta wa mita 4 andaa karatasi 8 na moja ya akiba, kwa sababu kuna mtoto atakayekata chake vipande vitatu akisema ni samaki. Vipande 20 vya boksi vinafika mita moja na ushee. Vinapamba nini, friji?

Pete huachia kwa sababu mbili. Gundi imepakwa kwenye ncha tu badala ya eneo lote linalopishana, au mtoto amebana kwa sekunde mbili akaachia. Hesabuni pamoja hadi ishirini, au bana kwa kibanio cha nguo na uende pete inayofuata. Vibanio kumi vinatosha kuzunguka, ukifika cha kumi, pete ya cha kwanza imeshatulia. Stepla ni ya haraka, ila ncha za pini zitazame ndani ya pete, na stepla ikae kwako. Usikaushe mbele ya feni kali, karatasi inajikunja upande mmoja. Vitu bapa vilaze chini ya kitabu kizito, na mfuko wa nailoni katikati, usiku mzima.

Nyota ya boksi ni ya sponji, sina la kuongeza. Ya kwangu haina gundi kabisa: chomoa njiti 15 za chelewa kwenye fagio jipya (lile la chooni liacheni), zikate zote sentimita 25, zifunge tatutatu kwa uzi ili ziwe vijiti vitano vigumu. Vilaze kwa njia ile ile unayochora nyota bila kunyanyua kalamu, ncha ya kimoja ikianzia pale cha kwanza kilipoishia, mpaka cha tano kirudi mwanzo. Kila kona funga raba bendi, izungushe mara tatu. Ikilegea au ikienda upogo, sogeza vijiti pale vinapopishana katikati na ufunge hapo pia kwa uzi, sehemu tano. Hapo ndipo inapokaza. Mtoto wa miaka 3 atazungushia sufi nyekundu, wa miaka 6 atafunga kona mwenyewe. Ncha za chelewa zinachoma, kata kila njiti mwishoni kwa mkasi.

Mkasi! Huo wa boksi, haki ya Mungu, ni mzuri. Ncha mviringo, unakata manila bila kuitafuna, na unafunguka wenyewe mtoto akilegeza mkono. Sijui nani aliuweka humo, labda kwa bahati mbaya.

Na kuna felti, kile kitambaa cha nyuzi zilizobanwa. Hapa nalazimika kubadili maneno, maana nilishaandika kichwani kwamba boksi zima ni la kutupa. Humo ndani kuna kipande kikubwa cha felti ya kijani na vidogo vya rangi kumi hivi, na maelekezo yanakuamuru uvibandike kwa ile gundi. Usithubutu. Gundi nyepesi inapenya felti, inatokea upande wa pili, inakauka ikiwa doa gumu. Felti ina manyoya, na felti kwa felti vinajishikilia vyenyewe. Kata ile kubwa umbo la mti, itundike ukutani kwa misumari midogo au selotepu, usawa wa kifua cha mtoto. Vidogo vikate duara, nyota, kengele. Mtoto wa miaka 2 anaweka, anatoa, anaweka tena, tangu asubuhi mpaka anasinzia. Kama kipande kinadondoka, ama ni kikubwa mno, kisizidi kiganja, ama felti yake ni ile ya bei rahisi iliyobanwa ikawa laini kama karatasi. Isugue kidogo kwa mswaki mkavu ili manyoya yasimame. Mti wa namna hiyo unamalizika kwa robo saa, na hakuna kazi nyingine ndani ya boksi inayoufikia. Kwa felti peke yake nilipandisha hadi nyota nne. Nilikuwa tayari hata kuandika asante.

Halafu nikaufungua ule mshumaa wa plastiki wa kuweka juu ya meza. Ndani kuna betri bapa, kama ya saa, na kifuniko hakina skrubu. Kinafunguka kwa ukucha. Kwenye boksi la miaka 3! Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni, umeme wake unaunguza nyama ya koo, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Mtoto akiimeza, au ukishuku tu kwamba ameimeza, nenda hospitali palepale, usimtapishe. Mshumaa wenyewe toa betri na ufungie juu, au utupe. Na yale macho ya plastiki, kama nyumbani kuna mdogo wa chini ya miaka 3, kipimo ni lile bomba la katikati la karatasi ya chooni: kinachopita humo kinaweza kumkaba. Macho yanapita, tena yakiwa mawilimawili. Mchoreeni mtu wa theluji macho kwa kalamu.

Glita, lile vumbi la kumetameta, pia ipo, kimfuko. Mtoto akijipangusa macho kwa mkono wenye glita ni kilio. Ukitaka kumetameta, paka uji wa gundi, nyunyizia chumvi ile ya chengachenga, kung'uta inayozidi. Sukari inang'aa kuliko chumvi lakini ifikapo jioni pambo linatembea lenyewe kwenda kwenye shimo la sisimizi. Na kwa Pwani hata chumvi ina kasoro, inavuta unyevu wa hewa na kulia machozi siku ya tatu, basi ifanyeni tarehe 23 au 24.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu betri. Kwa adabu, "kaka, naomba uwaambie wanaokuletea." Nikapata kidole gumba kingine. Neno moja hamna.

Nne zikashuka hadi sifuri. Mkasi ukarudisha moja. Felti inanivuta kwenye mbili na ushee, gundi inanirudisha. Nimehesabu na kuhesabu upya, na kitu pekee ambacho hakijaniangusha hata kidogo ni boksi lenyewe: katoni ngumu, safi, haikunjiki ovyo, inakatika vizuri kwa wembe wa kukatia karatasi. Basi nalipa nyota tano kamili. Nimezichora juu ya mgongo wake na kuzikata, kila nyota pembetatu mbili za sentimita 12 kila upande, moja imegeuzwa juu ya nyingine, zimeunganishwa kwa uji wa muhogo. Zinaning'inia mlangoni na hazijaachia.